UZI: Maji ya mgongo ya mtoto yametoka ya ukungu, jibu linasema "hakuna kilichoota". Bakteria imekwenda wapi?

#1 bi_shumba

Assalamu alaykum. Uzi huu ni wa watu wa wodi na watu wa maabara pamoja, maana kila upande unamtupia mwenzake lawama. Mtoto ana homa, shingo imekakamaa au utosi umetuna, degedege limeshampata. Maji ya mgongo, yale yanayozunguka ubongo na uti, yanatoka kama maji ya kuoshea mchele, chembe nyeupe za damu ni mamia kwa mamia, halafu siku ya tatu linakuja jibu: hakuna bakteria iliyoota maabara. Dokta anaendelea na dawa kwa kubahatisha, na kwenye takwimu za Unguja na Pemba inaandikwa homa ya uti wa mgongo "isiyojulikana chanzo". Naomba twende hatua moja moja, tangu sindano mpaka jina la bakteria. Wenye kujua wasifiche.

#2 darubini_kongwe

Wa alaykumu salaam. Bakteria nyingi zinapotea kabla sampuli haijagusa agari (jeli ya kuoteshea bakteria), na wezi ni watatu.

Wa kwanza ni dawa. Mtoto akishadungwa ceftriaxone, *Neisseria meningitidis* (meningokokasi) inaweza isiote tena ndani ya saa 2, pengine mapema kuliko hapo. *Streptococcus pneumoniae* (nimokokasi) ni sugu kidogo, lakini kuanzia saa ya 4 nayo inaanza kutoweka. Hapo hatujahesabu amoksilini ya duka la dawa aliyokunywa nyumbani, ambayo mara nyingi haitajwi mpaka mama aulizwe kwa jina la dawa au aoneshwe chupa.

Wa pili ni baridi. Wa tatu ni muda, na huyu haibi bakteria peke yake. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zinapasuka zikikaa kwenye joto la chumba: baada ya saa 1 karibu thuluthi imeondoka, baada ya saa 2 imebaki kama nusu. Sampuli iliyotoka asubuhi ikahesabiwa adhuhuri inaweza kuonekana ya mtoto mwenye nafuu.

#3 muuguzi_kusini

Hapo kwenye baridi nifafanulie. Vituo vingi sampuli zote huingia friji, mkojo, damu, maji ya mgongo, mpaka gari ipatikane. Ina maana ni makosa?

#4 darubini_kongwe

Kwa maji ya mgongo yanayokwenda kuoteshwa, ndiyo, ni makosa. Meningokokasi na *Haemophilus influenzae* hazistahimili baridi. Yaweke kwenye joto la chumba, kati ya nyuzi 20 na 35, mbali na jua na mbali na bonineti ya gari, yafike maabara ndani ya saa 1. Usiyaweke kwenye kibebeo cha chanjo chenye barafu, hata kama ndicho kisanduku pekee kilichopo. Toa barafu, tumia kisanduku kitupu.

Friji inafaa kwa mabaki tu, yale ya kupimwa lateksi (tone linaloganda likikutana na ganda la bakteria) au PCR (kipimo cha vinasaba) baada ya kuotesha kwisha. Vipimo hivyo havihitaji bakteria aliye hai.

#5 maabara_pemba

Niongeze la usafiri, maana saa 1 ni rahisi kuitamka ukiwa mjini Chake Chake. Mtoto akiwa Kojani au Kisiwa Panza, kuna mashua kwanza, barabara baadaye. Hapo ndipo kichupa cha Trans-Isolate kinapokuwa na maana. Ni chombo chenye agari ya mteremko ndani ya mchuzi wa virutubisho. Bakteria huishi humo na huongezeka njiani.

Matumizi yake: kikiwa hakijatumika kinakaa friji, nyuzi 4. Kitoe angalau dakika 30 kabla, kipate joto la chumba. Kama mchuzi una ukungu kabla hujatia kitu, kitupe. Futa mpira kwa spiriti, uache ukauke, kisha ingiza mililita 0.5 hadi 1 ya maji ya mgongo kwa bomba safi. Baki na kiasi kwenye chupa nyingine kwa kuhesabu chembe na slaidi, usimwage yote humo. Kikifika maabara, au kikingoja gari zaidi ya saa 24, choma sindano yenye pamba safi kwenye mpira ili hewa ipite, kisimamishe wima, kiingie kwenye inkubeta (kabati la joto) ya nyuzi 35 hadi 37. Kosa la kawaida ni kukisafirisha kikiwa bado na sindano hiyo. Mchuzi unavuja, na chafu inaingia.

#6 daktari_watoto

Upande wa wodi. Kabla ya mgongo, tazama kama mtoto anaruhusu. Mboni zisizolingana, mwili kukakamaa au upande mmoja kupooza, kupumua kwa mapigo yasiyo sawa, mshtuko wa mwili, ngozi ya mgongoni yenye usaha, au kutokwa damu ovyo: usichome. Chukua damu ya kuotesha, anza dawa mara moja, mgongo usubiri. Ceftriaxone ni miligramu 100 kwa kila kilo kwa siku, mara moja au kugawanywa mara mbili. Jina la bakteria halina thamani ya kumcheleweshea mtoto dozi.

Lakini kama anaruhusu na vifaa vipo, mpango ni huu: damu ya kuotesha mililita 1 hadi 3, tone la damu kwa sukari, kipimo cha haraka cha malaria, halafu mgongo, halafu dawa. Sindano yenye kijiti ndani, geji 22, kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno au ya nne na ya tano, usawa wa ncha za mifupa ya nyonga. Anayemshika mtoto ana kazi kubwa kuliko anayechoma. Mgongo ukipinda upande, utapata damu.

Malaria ikitoka chanya usifunge faili hapo hapo. Mtoto asiyejitambua anaweza kuwa na vyote viwili.

#7 muuguzi_kusini

Maji kiasi gani, na chupa ipi kwanza?

#8 daktari_watoto

Chupa tatu safi zenye kifuniko cha kuzungusha, mililita 1 kila moja. Matone 20 ni kama mililita 1, hesabu kwa sauti. Ya kwanza kwa sukari na protini, ya pili kwa kuotesha, ya tatu kwa chembe, kwa sababu damu ya sindano huwa imepungua ikifika chupa ya tatu. Ukipata kidogo tu, yote yaende chupa moja na maabara waanze na kuotesha kabla hawajaichezea. Andika saa ya kutoa kwenye chupa yenyewe, si kwenye fomu pekee. Na andika dawa aliyopewa na saa yake. Bila hiyo, "hakuna kilichoota" haisomeki.

#9 darubini_kongwe

Maabara sasa. Tazama rangi, hesabu chembe mara moja. Ukichanganya na maji ya Turk (rangi ya chembe nyeupe) nusu kwa nusu kwenye chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia): jumla ya miraba mikubwa 4 ya pembeni, gawa kwa 0.4, zidisha kwa 2.

Mtoto aliyepita umri wa uchanga huwa na chembe chini ya 5 kwa kila maikrolita. Zikipita 100, au maji yakiwa ya ukungu, ichukulie ni bakteria mpaka ithibitike vingine. Zikiwa 10 hadi 100, angalia protini iliyopita miligramu 100 kwa desilita au sukari chini ya 40, yaani milimoli 2.2 kwa lita. Sukari ya mgongo ilinganishwe na ya damu ya wakati ule ule. Chini ya 0.4 ya damu ni mbaya.

Kisha sentrifuji, kama una mililita 1 au zaidi: mvuto wa 1000 (mara 1000 ya mvuto wa dunia), dakika 10 hadi 15. Nasema mvuto, si mizunguko kwa dakika. Mizunguko hutegemea urefu wa mkono wa mashine yako. Maji ya juu yahamishie chupa nyingine kwa lateksi na PCR. Mashapo ndiyo dhahabu: tone kwa slaidi, mengine kwa agari. Ukiwa na chini ya mililita 1, acha mashine, tumia yalivyo.

#10 mwanafunzi_mkoani

Samahani wakubwa zangu, swali la rangi ya Gram, ile inayogawa bakteria kuwa zambarau (chanya) na nyekundu (hasi). Kwenye slaidi naona diplokoki (bakteria wa duara, wawili wawili) nyekundu, naandika meningokokasi, halafu inaota nimokokasi. Kosa liko wapi?

#11 darubini_kongwe

Kwenye asetoni, karibu kila mara. Kristali vayoleti dakika 1, suuza. Ayodini dakika 1, suuza. Asetoni sekunde 2 au 3 tu, maji hapo hapo. Safranini dakika 1. Ukichelewa na asetoni, nimokokasi inavuliwa zambarau yake na kugeuka nyekundu. Ukitumia spiriti ya asilimia 95 una nafasi zaidi, lakini nayo usilale.

Sababu ya pili ni dawa tena. Bakteria iliyopigwa antibaiotiki ukuta wake umeharibika, haishiki rangi hata ufanye sawa. Kwa hiyo usiamini rangi peke yake, tazama umbo. Nimokokasi ni jozi iliyochongoka ncha za nje, mara nyingi ina mwanga mwembamba wa ganda kuizunguka. Meningokokasi ni jozi ya maharage yaliyoangaliana tumbo, mara nyingi ndani ya neutrofili. *Haemophilus* ni vijiti vifupi vya kila namna, vingine virefu kama uzi, na safranini huvipaka hafifu sana. Ukishuku hicho, rudia slaidi kwa kabolifuksini iliyochanganywa maji.

Kila siku weka slaidi ya mfano pembeni: Staphylococcus na E. coli pamoja. E. coli ikitoka zambarau au Staphylococcus ikitoka nyekundu, siku hiyo usitoe jibu la mtu.

#12 maabara_pemba

Na la slaidi chafu lisisahaulike. Slaidi mpya za kutoka boksi zifutwe kwa spiriti, kristali vayoleti ichujwe. Bakteria waliokufa ndani ya rangi ya zamani huonekana vizuri kabisa kwenye lenzi ya mafuta, na wamewahi kuitwa "meningitis" sehemu nyingi duniani. Slaidi ikionesha bakteria tele lakini chembe nyeupe hakuna, shuku rangi yako kwanza.

Kwa upande mwingine, usiandike "hakuna" baada ya kuchungulia mara tano. Pitia maeneo kama 100. Slaidi ya Gram hukamata karibu wote wakizidi 100,000 kwa mililita, lakini wakiwa chini ya 1,000 hukamata kama robo tu.

#13 bi_shumba

Tuje kwenye kuotesha. Agari ya damu inatosha, au lazima chokoleti?

#14 maabara_pemba

Zote mbili, na kwa mtoto mchanga ongeza MacConkey (agari ya bakteria wa tumboni). *Haemophilus influenzae* inataka vitu viwili kutoka kwenye damu, X na V. Damu ya kondoo mbichi ina kimeng'enya kinachoharibu V, kwa hiyo haioti. Ukiipasha damu mpaka nyuzi 80, chembe zinapasuka, kimeng'enya kinakufa, V inatoka. Ndiyo maana chokoleti. Ukiwa na agari ya damu peke yake utamkosa Hib (*Haemophilus influenzae* aina b) na hutajua kuwa umemkosa.

Damu iwe ya kondoo, iliyotikiswa na gololi za kioo isigande, asilimia 5, itiwe agari ikiwa nyuzi 45 hadi 50. Damu ya binadamu iliyopita muda benki ya damu, hapana: ina kinga za mwili, huenda ina dawa, na ina hatari kwa anayeitengeneza. Kila toleo la sahani, laza moja tupu kwenye inkubeta usiku mzima kutafuta chafu, na nyingine panda bakteria unayemjua. Sahani isiyoweza kuotesha *Haemophilus* wa mfano haitaotesha wa mgonjwa.

Hewa ya CO2: mtungi wa mshumaa unatosha. Mshumaa mweupe usio na manukato, pamba yenye maji chini, washa, funga kifuniko, ukizimika wenyewe umebaki na asilimia 3 hadi 5. Nyuzi 35 hadi 37. Tazama baada ya saa 18 hadi 24, usitupe kabla ya saa 72. Umeme ukikatika usifungue mlango wa inkubeta kila dakika kuangalia.

#15 mwanafunzi_mkoani

Na ikishaota, jina linathibitishwaje bila mashine?

#16 darubini_kongwe

Mchezo wa diski na matone. Iliyozungukwa na kijani kwenye damu, Gram chanya, haina katalasi (haitoi povu kwa hidrojeni peroksidi): weka optokini, diski ya dawa ya milimita 6, ndani ya CO2. Duara la milimita 14 au zaidi ni *Streptococcus pneumoniae*. Kati ya 9 na 13, ithibitishe kwa chumvi ya nyongo: nusu mililita ya uji wa bakteria na nusu ya deoksikoleti asilimia 2, saa 2 kwenye nyuzi 37, pembeni ya mwenzake wenye maji ya chumvi tu. Uji ukiondoka ukungu ukawa angavu kama maji, ndiye. Ukisoma optokini bila CO2, duara linakuwa kubwa na unampa jina la nimokokasi asiyestahili.

Gram hasi diplokoki: kipimo cha rangi cha oksidesi. Tumia kijiti cha mbao au kitanzi cha plastiki, waya wa nikromu unadanganya. Zambarau ndani ya sekunde 10. Kisha sukari: meningokokasi huchachusha glukosi na maltosi, si laktosi wala sukrosi. Baada ya hapo kundi: A, B, C, W, X, Y kwa seramu (maji yenye kinga inayogandisha kundi lake).

Isiyoota kwenye damu ikaota kwenye chokoleti: diski za X na V, au mstari wa *Staphylococcus aureus* kwenye agari ya damu. Ikijipanga kandokando ya mstari huo tu, ni *Haemophilus*. Aina b inathibitishwa kwa seramu. Usiandike "Hib" kwa sababu ya kuona vijiti vifupi.

Meningokokasi isifanyiwe kazi mezani wazi. Uji wake ukiruka hewani unaingia puani mwako.

#17 daktari_watoto

Kwa aliyekwisha pewa dawa, lateksi na PCR ndizo za kumwokoa mtu wa takwimu. Niseme wazi, lateksi inauzwa kwa sifa kuliko inavyostahili: chanya ni msaada, hasi haimwondoi mtu kwenye dawa.

#18 maabara_pemba

Nakubaliana nusu. Lateksi ikifanywa vizuri kwenye sampuli iliyopigwa dawa inatoa jina ambalo agari haiwezi tena kulitoa. Tatizo ni kuruka hatua. Maji ya juu yachemshwe nyuzi 100 dakika 3, yazungushwe mvuto wa 3000 dakika 5, tone la maikrolita 40 hadi 50, tone la lateksi, zungusha, soma kabla ya dakika 10. Baada ya hapo yanakauka na kuonekana kama yameganda. Na kumbuka lateksi ya meningokokasi B hushika pia E. coli K1, ganda lao ni moja. Kwa mtoto mchanga andika vyote viwili.

PCR hutafuta jeni: lytA kwa nimokokasi, ctrA au sodC kwa meningokokasi, hpd kwa *Haemophilus*. Tenga maikrolita 200 au zaidi kabla mkono wa mtu haujaingia humo, gandisha. Ukigawa mabaki yaliyokwisha funguliwa mara sita, unapima chafu ya maabara yako.

#19 muuguzi_kusini

Mmetaja mtoto mchanga mara mbili. Yeye anatofautiana nini?

#20 daktari_watoto

Karibu kila kitu. Chini ya siku 28 shingo mara nyingi haikakamai. Utaona kukataa kunyonya, mwili baridi au moto, kulia kwa sauti nyembamba, utosi. Chembe mpaka 20 hivi zinaweza kuwa za kawaida. Bakteria ni *Streptococcus agalactiae*, E. coli, Klebsiella, mara chache Listeria, ambayo kwenye slaidi ni vijiti vifupi vya zambarau na hutupwa kama uchafu wa ngozi. Listeria haisikii ceftriaxone wala jamaa zake, ndiyo maana ampisilini ipo kwenye dawa za mtoto mchanga.

#21 bi_shumba

Na kwa hawa wakubwa kidogo, chanjo zimebadilisha nini?

#22 daktari_watoto

Hib iliingia nchini ndani ya chanjo ya tano kwa moja mwaka 2009. Ya nimokokasi, PCV13, kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013, wiki ya 6, 10 na 14. Kwa hiyo Hib ikipatikana kwa mtoto, uliza kadi, na hakikisha jina mara mbili. Nimokokasi bado ipo kwa sababu PCV13 inazuia aina 13, na aina ni zaidi ya 90.

Visiwa vyetu haviko kwenye ukanda ule wa milipuko unaotoka Senegal mpaka Ethiopia, lakini mahujaji hukutana na wa huko. Baada ya Hija ya 2000 kundi W la meningokokasi lilisambaa nchi nyingi, na Saudia inadai chanjo ya ACWY, yaani ya makundi A, C, W na Y. Nyumba iliyopokea haji karibuni, liandike hilo kwenye fomu.

Na usisahau Salmonella. Uchunguzi wa damu uliofanywa Pemba 2009 na 2010 ulimkuta Salmonella Typhi akiongoza kwenye damu za wagonjwa wa homa. Kwenye mgongo ni nadra, lakini vijiti vya Gram hasi kwa mtoto wa miezi kadhaa si lazima viwe *Haemophilus*.

#23 muuguzi_kusini

Maji yakiwa na damu ya sindano?

#24 darubini_kongwe

Toa chembe nyeupe 1 kwa kila nyekundu 500, lakini usijenge nyumba juu ya hesabu hiyo. Ikiwa bado zimezidi, tibu. Otesha kama kawaida; damu haizuii bakteria kuota. Ikiota Staphylococcus ya ngozi kwenye chupa moja siku ya pili, bila chembe na bila bomba la kupunguza maji kichwani, ni uchafu. Iandike hivyo na iache mlangoni.

#25 mwanafunzi_mkoani

La mwisho: nimokokasi nishaipata, diski ya penisilini naisomaje?

#26 maabara_pemba

Usiweke ya penisilini. Weka oksasilini maikrogramu 1. Duara la milimita 20 au zaidi, penisilini inafanya kazi. Chini ya hapo usiandike "sugu", pima kiwango chenyewe cha dawa kinachozuia bakteria kwa kijiti cha mteremko wa dawa. Kwa maji ya mgongo mpaka wa penisilini ni maikrogramu 0.06 kwa mililita, na 0.12 kwenda juu tayari ni sugu; ceftriaxone 0.5 kushuka inafaa, 2 kwenda juu ni sugu. Mipaka ya nimonia ni tofauti, na fomu nyingi zina safu moja tu, kwa hiyo andika neno "mgongo" pembeni ya namba.

Jibu la slaidi lipigiwe simu wodini siku hiyo hiyo, usisubiri la diski. Kisha hifadhi bakteria yenyewe: maziwa yasiyo na mafuta yenye gliseroli, nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya 20 chini ya sifuri itaiua taratibu. Na nimokokasi hujila yenyewe kwenye sahani, kwa hiyo ihamishe siku ile ile ilipoota, usingoje Jumatatu.